Kitako cha Kijaluba cha Nane

Leokadia Mkude alikuwa amekosea mara moja tu katika miaka kumi na moja. Mwaka ule wa Kijaluba cha Nne alisema kitufe cha kuwashia kitakuwa mbele, kikaja nyuma, na mafundi wa Msamvu wakamtania mpaka mvua za vuli zikaisha. Baada ya hapo hakukosea tena. Alisema cha Tano kitakuja bila tundu la waya wa sauti, kikaja bila. Alisema cha Saba kitaenea kwenye kiganja, na siku kilipotoka watu walikiweka kiganjani, wakapiga picha, wakamtumia.

Kazi yake ilikuwa hiyo: kubashiri. Kila Alhamisi saa nne asubuhi aliketi mbele ya kamera sebuleni kwake, Kihonda, akaelezea Kijaluba kijacho, kompyuta ndogo ya mezani ambayo kiwanda cha Kimulimuli kilikuwa bado hakijaitoa. Watu laki tatu walimfuatilia, maana hapakuwa na nyumba mjini Morogoro, wala zahanati, wala shule, isiyokuwa na Kijaluba juu ya meza. Hicho ndicho kilichofungua pampu ya maji, kikaita majina ya wanafunzi asubuhi, kikasoma sukari ya mgonjwa na kumkumbusha dawa. Kikizima, nyumba nzima inakwama. Na kilizima mara kwa mara, kwa sababu vumbi liliingia kwenye feni iliyokuwa chini ya kitako. Mafundi walikula kwa vumbi hilo.

Mwaka ule watu walibishania jambo moja. Ilisemekana cha Nane kitakuwa nusu ya cha Saba, kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kwenye umbo hilo feni haiingii. Sasa joto litakwenda wapi?

Leokadia alikuwa na jibu, na hakulipata kwa kukisia. Shemeji yake, Venansi Kobelo, mume wa mdogo wake Skola, alifanya kazi ndani ya kiwanda, idara ya kufunga vitako. Siku moja baada ya chakula alimchorea kwenye karatasi ya sukari. Ndani ya Kijaluba cha Nane kulikuwa na bomba jembamba lililozunguka kama bangili. Bomba lilijazwa gesi iliyoshindiliwa mpaka ikawa kimiminika. Chipu ikipata moto, kimiminika kinachemka, mvuke unapanda juu kwenye bati, unapoa, unarudi chini. Hakuna feni, hakuna kelele, hakuna vumbi.

"Na mtu akitaka kukifungua?" Leokadia aliuliza.

"Kitako kina hesi," Venansi alisema. "Kinazungushwa kushoto, kama kifuniko cha chupa ya karanga."

Alhamisi Leokadia akayatangaza hayo. Kitako kinazungushwa kushoto. Mafundi kutoka Kilosa mpaka Ifakara wakamshukuru, kwa sababu walikuwa wamehofia kwamba safari hii Kimulimuli wangekifunga moja kwa moja na wao wangekaa bila kazi.

Ijumaa jioni Venansi alimletea chenyewe. Alikitoa kwenye hotpoti, kimeviringishwa kwa leso, cha rangi ya majivu, kizito kuliko ukubwa wake. Kilikuwa cha majaribio, alisema, kilitoka kwenye rafu ya visivyojazwa gesi.

"Tazama, shemeji, halafu nirudishie Jumatatu kabla hakijahesabiwa," alisema. Hakukaa hata kunywa chai.

*

Leokadia hakuwa na mikono ya ufundi. Alikuwa na rafiki mwenye nayo, Gervas Mbena, aliyefungua Vijaluba tangu cha Kwanza kwenye kibanda chake cha Msamvu. Walijuana miaka ishirini. Ndiye aliyempa mfano wa kwanza kabisa kuonyesha kwenye kamera, akakataa kutajwa jina.

Jumamosi saa tatu asubuhi Gervas alipokea Kijaluba cha Nane kwa mikono miwili, akakipindua, akanusa kingo zake.

"Wamefanya kazi nzuri," alisema. "Angalia huu mshono. Huoni wembe unapoweza kupita."

"Kuna kibandiko chini, kimeandikwa usifungue."

"Hata cha Saba kimeandikwa hivyo. Hata redio ya marehemu baba ilikuwa imeandikwa hivyo." Alivuta taa karibu. "Ulisema kushoto?"

"Kushoto."

Gervas alikikumbatia kifuani kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayefungua nazi ngumu, akashika kitako kwa mkono wa kulia, akazungusha.

Leokadia hakusikia mlio. Alichokumbuka baadaye ni weupe, halafu baridi kali usoni, halafu yuko chini ameegemea rafu na skrubu zinamwagikia kichwani. Bega lake la kulia lilikuwa limechomwa na kitu. Mvuke mweupe ulijaa kibanda, unanuka kama nywele zilizoungua. Alimwita Gervas, asiisikie sauti yake mwenyewe.

Mvuke ulipopungua alimwona. Alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake. Mkono wa kulia uliishia kwenye kifundo. Kifua kilikuwa wazi, na kwenye taya kulikuwa na kipande cha bati kimesimama kama jani. Macho yake yalikuwa yanamtazama, na midomo ilikuwa inasema jambo. Leokadia alitambaa juu ya vioo, akaufunga mkono ule kwa waya wa umeme, akakaza kwa meno. Damu ilikuwa ya moto na ngozi iliyozunguka kidonda ilikuwa baridi kama nyama ya jokofu. Alikaza tena. Gervas alimwekea mkono uliobaki kichwani, mzito, ukateleza.

Majirani walipovunja mlango alikuwa ameshakufa, na Leokadia bado alikuwa anakaza waya.

*

Hospitalini muuguzi alimtoa kipande cha bati begani, kirefu kama kidole, akakiweka kwenye kisahani. Alipotoka kutafuta uzi wa kushonea, waliingia wanaume watatu waliovaa sare za kijani za Kimulimuli. Wawili walisimama mlangoni. Wa tatu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya upole. Alijitambulisha kuwa ni Mangula, mkuu wa ulinzi wa kiwanda. Alichukua kile kipande kwenye kisahani, akakifuta kwa pamba, akakitia mfukoni.

"Pole kwa msiba, mama," alisema. "Mtungi wa gesi ya kulehemu ni kitu cha hatari. Vijana wangu wamekwenda kibandani kusafisha. Polisi watakuta mtungi uliopasuka."

"Haukuwa mtungi."

Mangula alivuta kiti. "Ni nani alikupa?"

Leokadia aligeuza uso ukutani. Mangula aliweka dole gumba juu ya kidonda kilichokuwa hakijashonwa, akabonyeza, taratibu, mpaka kidole kikazama. Mlinzi mmoja alimziba Leokadia mdomo kwa mkono unaonuka sigara. Alipiga mateke, kisahani kikaanguka. Mangula aliendelea kumtazama usoni kama daktari anayetafuta mahali panapouma.

"Ni nani?"

Walipouachia mdomo wake, Leokadia alitapika. Hakusema jina. Mlinzi alimpiga kofi, kisha ngumi ya mbavu, na kitu kikalia ndani kama kuni kavu.

"Basi," Mangula alimwambia mlinzi. Alijifuta kidole kwa shuka. "Sikiliza, mama. Idara ya vitako ina watu watatu wanaoweza kukitoa nje. Naweza kuwachukua wote watatu leo hii. Hawatafika mahakamani, unanielewa? Lakini uzinduzi ni Jumatatu na sitaki makelele. Wewe ukikaa kimya, fundi amekufa kwa mtungi, na hao watatu wanaendelea kula mishahara yao. Ukisema popote kwamba kilichomuua ni Kijaluba cha Nane, nawaokota."

"Vitakavyouzwa Jumatatu," Leokadia alisema, akitafuta pumzi, "navyo viko hivi hivi?"

Mangula alivuta shuka, akajifuta tena kidole. "Wahandisi walitaka kitako kilehemiwe. Ingechukua miezi minne. Wakubwa wakasema kuna kibandiko."

"Mafundi wote watavifungua. Mimi ndiye niliyewaambia wavifungue."

"Hilo," Mangula alisema akisimama, "utalibeba wewe."

*

Jumamosi hiyohiyo alasiri, amelala ubavu kitandani kwake, Leokadia aliwasha kamera akasema maneno machache. Alisema amekosea kuhusu cha Nane, kitako kisiguswe, kina hatari. Hakuweza kusema amejuaje. Majibu yalimiminika. *Wamekununua.* *Kumbe na wewe una bei.* Fundi mmoja wa Mikumi alimwandikia kwa heshima: *Dada, tunaomba ushahidi, maana sisi tukiacha kufungua tutakula nini?* Wengine walisema watafungua hadharani, siku hiyohiyo ya uzinduzi, ili kumwonyesha.

Jumapili mchana alikwenda kwa Skola. Mdogo wake alikuwa amepika wali na kisamvu. Venansi alikaa mkekani na mapacha wao wa miaka sita, akiwamegea wali matonge madogo. Skola alipoona uso wa dada yake ulivyovimba aliwatoa watoto nje, akafunga mlango.

Leokadia aliwaeleza yote. Alipofika kwenye kifo cha Gervas, Venansi aliacha kula. Alibaki akitazama sahani.

"Ushahidi ni mmoja tu," Leokadia alisema. "Mtu wa ndani aseme. Nikisema nilikishika mkononi, lazima niseme nilipewa na nani, la sivyo ni porojo kama za mbashiri mwingine yeyote. Kesho saa nne wanaanza kuuza vijaluba elfu ishirini."

"Na ukimtaja?" Skola aliuliza.

"Wamesema watamchukua."

"Watamchukua." Skola alirudia neno hilo kama anayelionja. "Dada, hao watu elfu ishirini huwajui hata majina. Huyu unamjua. Ulimshika mkono siku ya harusi, mahali pa mama aliyekuwa mgonjwa. Hao mapacha waliozaliwa mikononi mwako, uwaambie nini?"

"Gervas nilimjua pia."

"Gervas amekufa. Mungu amrehemu. Usimfanye na huyu amfuate."

Leokadia alimgeukia shemeji yake. "Wewe unasemaje?"

Venansi aliinua macho. Yalikuwa mekundu. "Sijui, shemeji," alisema mwishowe. "Sijui niseme nini."

Skola alimjazia dada yake sahani. Leokadia alikula kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukuinuka. Alipokuwa anaondoka Skola alimshika kiuno kumsaidia kushuka ngazi, na pale chini akamwambia polepole, "Nakuomba, dada. Sijawahi kukuomba kitu."

Leokadia hakumwahidi. Njiani aliamua kwamba hatamtaja Venansi, na kwamba watu hawatazungusha kile kitako. Kama yote mawili yalikuwa hayawezekani, basi angetafuta la tatu.

*

Uzinduzi ulifanyika kwenye uwanja wa maonesho. Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imezunguka ukuta. Mafundi walikuja na bisibisi zao mifukoni. Walimu, wauguzi, wazee waliotumwa na wajukuu. Leokadia alijitanda ushungi mweusi, akaufunika uso wote isipokuwa macho, akaingia na wanawake wa kwaya iliyokodiwa kuimba.

Mbele ya jukwaa kulikuwa na meza ndefu yenye Vijaluba vitatu vya kugusa. Nyuma yake, jukwaani, wakurugenzi sita walikaa kwenye meza yao wenyewe. Mangula alisimama pembeni mwa ngazi.

Leokadia alipofika mezani alichukua kimoja kama walivyofanya wengine. Hakukirudisha. Aliingia chini ya kamba, akapanda ngazi tano za jukwaa huku mbavu zikimchoma, akawapa watu mgongo na kuwaelekea wakurugenzi. Alivua ushungi. Alikibana Kijaluba tumboni kwa mkono mbovu, na ule mzima akauweka kwenye kitako.

Kipaza sauti kilikuwa karibu, kikanasa sauti yake.

"Mimi ni Leokadia Mkude. Nyinyi mnanijua. Nimesema kitako hiki kinazungushwa kushoto, na leo mnataka kukifungua. Nami nataka kukifungua hapa, mbele ya wenyewe waliokitengeneza."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Wakurugenzi hawakucheka. Wa kwanza kusimama alikuwa mwanamke wa katikati, aliyekuwa ameshika hotuba. Alirudi nyuma mpaka kiti kikaanguka. Kisha akakimbia. Wengine watano walimfuata, mmoja akapoteza kiatu, wakisukumana kwenye mlango mdogo wa nyuma.

Makofi yalipungua, yakakoma.

"Mmeona," Leokadia alisema. "Ni kompyuta tu. Kwa nini wanakimbia?"

Mangula alikuwa amefika hatua tatu kutoka kwake, rungu mkononi. "Weka chini, mama," alisema kwa sauti ileile ya upole. "Nina majina matatu mfukoni."

"Waambie kwa nini wanakimbia, nitaweka chini."

"Weka chini."

"Waambie."

Mangula aliwatazama watu, maelfu ya nyuso kimya. Leokadia alimwona akipima. Kwa kitambo alidhani atasema. Kisha rungu likashuka, likamvunja mkono ule mzima juu ya kiwiko, na Kijaluba kikamtoka.

Hakikufika sakafuni. Mangula alijua kilicho ndani, na mwili wake uliogopa kabla akili haijaamua. Aliinama, akakidaka kwa mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, na ule uzito ukakizungusha kitako kushoto mikononi mwake.

Safari hii Leokadia alisikia mlio. Ulimtupa chini ya meza ya wakurugenzi. Mangula alikaa kitako jukwaani, akajishika shingo, na damu ikapita katikati ya vidole kama maji ya bomba lililopasuka. Alijaribu kuinuka mara mbili. Mara ya tatu hakujaribu. Kule chini, mstari wa mbele, mwanamke mwenye gauni la njano alikuwa amepiga magoti, amejifunika uso, na watu walikuwa wanamkimbilia.

Halafu uwanja mzima ukaja juu. Walivunja jukwaa kwa mikono. Walinzi wawili walipigwa kwa viti vyao wenyewe mpaka viti vikavunjika, na walipoanguka walipigwa kwa miguu ya viti. Gari la Kimulimuli lilipinduliwa na dereva akiwa ndani. Leokadia, mikono yote miwili ikiwa haifanyi kazi, aliwapigia kelele waache. Mtu mmoja alimkanyaga akipita, akamwomba radhi, akaendelea kwenda kupiga.

Siku hiyo hakuna Kijaluba cha Nane kilichouzwa.

*

Inspekta Zuhura Nyagali alimhoji Jumanne asubuhi, kituoni, mikono ya Leokadia ikiwa kwenye plasta na bandeji mpaka mabegani.

"Waliokufa ni wanne," inspekta alisema. "Mangula, walinzi wawili, dereva. Yule mwanamke wa mstari wa mbele anaitwa Pelagia, mwalimu wa chekechea. Amepoteza jicho."

Leokadia aliinamisha kichwa. "Naweza kumwona?"

"Hataki." Inspekta alifungua jalada. "Wanasheria wa kampuni wanasema Kijaluba chao ni salama. Wanasema wewe ulikuja na bomu ukalibadilisha na chao. Wamekwishavikusanya vingine vyote, wanasema ni kwa usalama, na sina hata kimoja cha kupima. Kwa hiyo nakuuliza mara ya mwisho. Ulijuaje?"

"Nilibashiri."

"Kwa jibu hilo utahukumiwa kwa mauaji ya watu wanne."

"Andika hivyo, afande."

Inspekta aliweka kalamu chini. Mlango uligongwa. Askari aliingia, na nyuma yake Skola, amemshika Venansi mkono juu ya kiwiko kama mtu anayemvusha mgonjwa barabara.

"Skola," Leokadia alisema. "Mrudishe nyumbani."

"Wewe nyamaza, dada." Skola hakumtazama. Alimwambia inspekta, "Mume wangu ana maelezo. Ameanza kunieleza jana usiku, amemaliza leo asubuhi. Nimemwambia ayarudie hapa."

Venansi alikaa. Alitaja jina lake, idara yake, meza yake ya kazi. Alisema ndiye aliyekitoa Kijaluba kiwandani. Inspekta aliandika. Leokadia alitaka kumgusa shemeji yake, asiweze kuinua mkono.

"Kuna jingine," Venansi alisema. "Gervas Mbena si wa kwanza. Mwezi wa tatu alikufa Abeli, tulikuwa tunakaa meza moja. Mwezi wa nne akafa dada mmoja wa zamu ya mchana. Wote kwa kitako. Tuliambiwa tusaini karatasi, tukasaini."

Inspekta aliacha kuandika.

"Nilidhani nilichokuletea hakijajazwa," Venansi alisema, na sasa alikuwa anaongea na Leokadia peke yake. "Kilitoka kwenye rafu ya visivyojazwa. Lakini nilijua kinaua kikijazwa. Nilikuchorea, shemeji, ukaniuliza mtu akitaka kukifungua, nami nikakuambia kushoto. Nilijua, na nikakuambia kushoto."

Skola alikuwa amesimama ukutani, amejiziba mdomo kwa kanga.

"Endelea," Leokadia alimwambia Venansi. "Mwambie afande jina la yule dada wa zamu ya mchana."